Kaza Kulia

Kama kuna chuma kilichotukanwa kuliko vyuma vyote, ni ule msumeno wa utepe uliotupwa nyuma ya karakana, chini ya bati lililotoboka. Waliopita kwenda chooni waliupiga teke. Waliokosa pa kutemea mate waliutemea. Fundi akiumia kidole, hata kama kakipiga kwa nyundo yake mwenyewe, alisema ni mkosi wa ule msumeno. Ulikaa pale miaka kumi na miwili ukiliwa na kutu, na aliyefanya ukae pale, kwa maneno ya kila mtu, ni Tupa.

Tupa ni jina la kazini. Alifukuzwa kwenye karakana ya baba yake akiwa na miaka ishirini na sita, akapanga kibaraza mtaa wa pili, na kwa kuwa hakuwa na mashine alikata vyuma kwa msumeno wa mkono na kuvilainisha kwa tupa mpaka viganja vikaota sugu. Wenye midomo walisema jina linamfaa mara mbili, maana hata kwao alitupwa. Alilisikia hilo na hakucheka. Alikuwa mwanamke wa kujibu, na ulimi wake ulikwaruza kuliko hicho kifaa.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Msumeno wa utepe ni mashine ya kukatia vyuma vinene: utepe wa chuma wenye meno umeungwa ncha kwa ncha ukawa pete, unazunguka juu ya magurudumu mawili, na mkono wa mashine unashuka taratibu juu ya pau iliyobanwa kwenye jiriwa. Utepe ukikaa vizuri, unakata chuma sawasawa kabisa. Ukikaa vibaya, unapanda ukingo wa gurudumu, unajisaga mgongo, na mwishowe unakatika kwa kishindo. Siku hiyo mzee alikuwa amefungua kifuniko cha magurudumu kama kawaida yake. Hakupenda vifuniko, alisema vinamziba masikio. Akiwa anapangusa vumbi la chuma alimwambia binti yake akaze utepe mpya. "Fanya kama nilivyoandika," alisema.

Aliandika kweli. Mzee alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, na tangu siku hiyo hakuna mashine iliyosalimika na brashi yake. MAFUTA HAPA. USIGUSE. ZIMA KWANZA. Juu ya gurudumu la msumeno, kwa rangi nyeupe, aliandika KAZA KULIA. Chini ya maneno hayo palikuwa na mpini mkubwa wa kuvutia utepe, na pembeni skrubu ndogo ya kuelekezea utepe juu ya gurudumu. Tupa aliuvuta mpini kidogo, kisha akaigeuza skrubu nusu mzunguko kwenda kulia, kama ilivyoandikwa. Akawasha. Utepe ulipiga ukelele, ukakatika, ukachapa nje na kuondoka na vidole viwili vya mkono wa kushoto wa baba yake.

Alivua kilemba akamfunga mkono, akambeba kama mtoto mpaka hospitali. Mzee hakusema neno njia nzima. Ndugu walipokusanyika kitandani ndipo alipofungua kinywa. "Nimekatwa na mwanangu mwenyewe," alisema. "Mwaka mzima namfundisha. Kila siku namuuliza, umesikia? Ananijibu, nimesikia, baba. Kumbe hajasikia kitu. Asikanyage tena karakana yangu." Basi methali zikamwagika kama mvua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mama mdogo akasema, na mjomba akaongeza kuwa huyu kamvunja mkuu mwenyewe. Mama yake mzazi alikaa miguuni pa kitanda akilia, na hakumtazama binti yake.

Sasa, miaka kumi na miwili baadaye, mzee alishinda mlangoni mwa karakana kwenye kiti cha plastiki, akikosoa kila kitu kilichopita. Kazi iliendeshwa na mtoto wake wa kiume, kaka mkubwa wa Tupa, ambaye mafundi walimwita Bosi kwa mdomo na Ndiyo-Baba wakiwa peke yao. Ndiye aliyeita mnunuzi wa vyuma chakavu. Jumamosi angekuja na gari lake kuuchukua msumeno.

Habari zilimfikia Tupa Jumapili. Jumatatu asubuhi alisimama kwenye geti la karakana, nje ya mstari wake, kama mtu anayeogopa kukanyaga kaburi.

"Kaka, nataka niutengeneze."

"Utengeneze nini?"

"Msumeno."

Bosi alicheka kwa pua. "Bado vidole vitatu kwenye ule mkono, umekuja kuvimalizia?"

Hilo lilimuuma, na aliacha limuume. "Nipe mpaka Jumamosi. Nikate pau moja mbele ya baba. Ikikatika sawasawa, nirudi kazini hapa kama mtoto wa fundi mwingine yeyote. Isipokatika, chukueni chuma chenu, na mimi hamtaniona tena kwenye hili geti, hata kwa msiba."

Bosi aligeuka kumtazama baba yake. Mzee alikuwa amewapa mgongo, lakini masikio yake hayakuwapa mgongo. "Mwache ajaribu," alisema bila kugeuka. "Aaibike mchana kweupe."

Kwa hiyo ndivyo alivyoingia tena kwao: kwa ruhusa ya kuja kuaibika.

Jumatatu yote ilikwenda kwenye kutu. Mkono wa mashine ulikuwa umegandia kwenye bawaba yake, hauendi juu wala chini. Aliumwagia dizeli, akausugua kwa brashi ya waya, akaupasha moto, akaugonga, akaumwagia tena. Hakuna fundi aliyemsaidia. Mchomeleaji mmoja alikuja akasimama na kikombe chake cha chai, akasema chuma kikifa kinazikwa. "Wewe unapumua na hujazikwa bado," Tupa alimjibu, "na kazi yako ile pale imepinda." Yule bwana aliondoka na kikombe chake. Jioni bawaba ilitoa mlio, ikakubali kusogea kidogo.

Jumanne alifungua sanduku la gia. Mafuta yalitoka meupe kama chai ya maziwa, ishara kwamba maji yaliingia kupitia bati lililotoboka. Aliosha gia moja moja, akazikagua meno kwa kidole, akashangaa kwamba zilikuwa nzima. Jumatano ilikuwa zamu ya mota. Panya walikuwa wamejenga ndani ya kifuniko chake kwa matambara na nywele za brashi. Alisafisha, akakausha juani, akabadilisha waya uliotafunwa. Bosi alipita akasema umeme usichezewe na watu wenye mikosi. Tupa hakuinua kichwa. Alimchukia kaka yake siku hiyo kwa moyo wote, na chuki ilimpa nguvu ya kukaza bolti.

Alhamisi alibadilisha beringi ndogo zinazoushika utepe pande mbili ili usiyumbe. Moja ilikuwa imeganda, ya pili ilicheza kama jino la mtoto. Kisha akavalisha utepe mpya, akahakikisha meno yanatazama upande yanakokwenda, maana hata fundi mzoefu huwahi kuugeuza ndani nje akabaki anashangaa kwa nini chuma kinacheka. Akawasha. Mota ikavuma vizuri. Magurudumu yakazunguka. Moyo ukamruka kwa furaha, na kabla furaha haijakaa chini, utepe ukavuka ukingo ukadondoka.

Aliurudisha, ukadondoka tena.

Mara ya tatu alifuata maandishi. Yalikuwa bado yanasomeka, KAZA KULIA, rangi imepauka tu. Aliigeuza skrubu kulia robo mzunguko. Utepe haukudondoka. Ulipanda ukingo wa gurudumu na kuanza kupiga ukelele uleule. Tupa alizima mashine, akajikuta amekaa chini mikono kifuani, viganja vikiwa ndani ya kwapa. Aliogopa. Hakuna aliyemwambia kwamba hofu ya miaka kumi na miwili hukaa mikononi.

Mlangoni mzee alikohoa. "Ndivyo ulivyolia siku ile," alisema kwa sauti ili kila mtu asikie.

Watu walicheka. Bosi alicheka pia. Tupa aliokota spana, na ni bahati ya familia nzima kwamba aliirusha kwenye mashine na si kwenye kiti cha plastiki. Spana iligonga utepe ikaanguka. Utepe ukatoa sauti nzito, iliyolegea, kama kamba ya nguo zilizolowa: bwee.

Alibaki ameitazama.

Kuna jambo mzee alikuwa akilifanya enzi hizo, na Tupa alikuwa hajalikumbuka hata mara moja tangu afukuzwe, kwa kuwa lilikuwa dogo mno. Kila alipovalisha utepe, alikuwa akiupiga kwa ukucha wa kidole gumba. Halafu anamtazama binti yake kwa jicho kali na kuuliza, "Umesikia?" Na yeye, binti aliyelelewa, anayejua kwamba mzazi akikuuliza umesikia anataka utii na si masikio, alijibu haraka, "Nimesikia, baba." Mwaka mzima. Alidhani anagombezwa. Kumbe aliulizwa swali.

Kulia. Si mkono wa kulia. Utepe ulie.

Alinyanyuka polepole. Alishika mpini mkubwa, si skrubu, akauvuta na kuupiga utepe kwa ukucha. Bwee. Akavuta tena. Bwaa. Akavuta tena, mpini ukawa mgumu, akautia uzito wa mwili. Akapiga kwa ukucha, na safari hii sauti ilitoka nyembamba, safi, ikakaa hewani: tiing.

Mlangoni kiti cha plastiki kililia pia. Mzee alikuwa amegeuka. Kwa siku nne hakugeuka kwa nyundo, kwa moto, wala kwa matusi, sasa aligeukia sauti ndogo ya ukucha. Macho yao yalikutana, na mzee ndiye aliyeyaondoa kwanza.

Ijumaa ilikuwa ya kurekebisha. Alirudisha skrubu nyuma mpaka utepe ukazunguka karibu na ukingo bila kuusugua. Alikata kipande cha majaribio, kikatoka kimepinda kwa unene wa kadi. Akasogeza beringi moja, akakata tena. Kikatoka kimepinda upande wa pili. Alitukana, akaomba radhi kwa mashine, akasogeza nusu ya alivyosogeza. Mchomeleaji wa chai alikuja kutazama, na safari hii aliacha kikombe.

Jumamosi saa nne gari la vyuma chakavu lilisimama getini. Mnunuzi alikuwa mtu wa haraka, hakutaka historia ya familia ya watu. Bosi alimwambia asubiri kidogo, kuna mchezo unaisha. Mafundi walikusanyika. Tupa alibana pau nene kama kifundo cha mkono kwenye jiriwa, akaupiga utepe kwa ukucha, akafunga kifuniko, akawasha.

Mkono wa mashine ulishuka taratibu. Hakukuwa na ukelele. Kulikuwa na mvumo mmoja tu, na vumbi la chuma likadondoka kama unga kutoka kwenye chekeche. Ilichukua dakika nane. Hakuna aliyesema kitu kwa dakika zote nane, na kwa mafundi wale hiyo ilikuwa rekodi. Kipande kilipodondoka, Bosi ndiye aliyekiokota. Kilikuwa cha moto, akakihamisha mkono huu na huu, akakipima kwa skwea, kile kipimo cha pembe. Hakukuwa na mwanga uliopita kati ya skwea na chuma.

"Imekwenda sawa," alisema Bosi, kwa sauti ya mtu anayelipishwa faini. Akamgeukia baba yake. "Baba, imekwenda sawa."

Mzee alisogeza kiti chake nyuma kidogo.

Tupa alifuta mikono. Alitakiwa afurahi, na alitaka kufurahi, lakini kulikuwa na jambo alilolibeba tangu Alhamisi. Alikwenda mpaka kwenye kiti, akachuchumaa ili macho yao yalingane. "Baba, ulipoandika kulia, hukuwa na maana ya mkono."

"Acha maneno mengi. Umeshinda, kaa kimya."

"Ulitaka utepe ulie."

Mzee alitazama mkono wake. "Rangi ilikuwa inaisha," alisema. "Nilitaka niandike kaza mpaka ulie. Rangi ilikuwa mkebeni chini kabisa. Nikafupisha."

Mchomeleaji alifungua mdomo kucheka, akaona nyuso zilizokuwepo, akaufunga.

"Uligundua lini kwamba nilisoma vingine?" Tupa aliuliza.

Mzee aliuficha mkono wa kushoto chini ya paja.

"Baba, lini?"

"Siku ileile!" Mzee alifoka, mate yakaruka. "Ulipokuwa unanifunga kilemba. Niliiona skrubu imegeuzwa, nikajua umesoma nini. Ulitaka nifanye nini? Niwaambie watu fundi mkuu mzima hajui kuandika? Nimeandika karakana nzima! Wangenicheka mpaka kaburini. Wewe ulikuwa kijana, una vidole kumi, ungepata pa kwenda."

Bosi alikuwa bado ameshika kile kipande cha chuma. Miaka kumi na miwili alimchukia dada yake kwa niaba ya mkono wa baba yake, alipita kibarazani kwake bila salamu, aliwakataza wanawe wasimwite shangazi. Alikiweka kipande chini taratibu sana. Alionekana kama mtu aliyegundua kwamba ameibeba mizigo ya mwenzake na ndani mna mawe.

Tupa alikuwa na matusi mengi, ameyaweka akiba miaka yote hiyo, mengine mazuri kabisa. Hakuna hata moja lililokuja. Lililokuja ni swali moja, na alijua jibu lake kabla hajaliuliza, akaliuliza hivyohivyo.

"Mama ulimwambia?"

Mama yao alikuwa amekufa mwaka wa tatu baada ya ajali. Alikufa bila kumruhusu binti yake amguse. Alisema hawezi kushikwa na mikono iliyomkata mume wake. Tupa alikaa nje ya mlango wa chumba siku tisa, akiwasikia wengine wakimgeuza mgonjwa vibaya, na siku ya kumi walimtolea habari mlangoni kama mpita njia.

"Mama alijua?" Bosi naye aliuliza, na sauti yake haikuwa ya Ndiyo-Baba.

"Alikuwa mgonjwa," mzee alisema. "Ningemwambiaje mtu mgonjwa?"

"Kwa mdomo," Tupa alisema.

Alisimama. Alimwambia mnunuzi wa vyuma kwamba hakuna kinachouzwa hapa leo, na yule bwana alitazama nyuso, akapanda gari lake bila kudai hata maji ya kunywa. Kisha Tupa akamgeukia kaka yake.

"Jumatatu saa moja nitakuwa hapa. Nimeshinda, na nafasi yangu naichukua. Lakini sitafanya kazi huku nikitazamwa na huyu."

Mafundi waliangalia chini. Hakuna aliyewahi kumwita mzee "huyu" na kubaki na kazi. Wote walimtazama Bosi, wakingoja amkaripie, na Bosi akafuta uso kwa mkono uliojaa vumbi la chuma. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kumwambia baba yake hapana, hata kwa jambo la chumvi.

"Baba," alisema. "Inuka nikusindikize nyumbani."

"Saa hizi? Bado mapema."

"Inuka, baba. Na Jumatatu usije."

Mzee aliwatazama watoto wake wawili, mmoja baada ya mwingine. "Mnanifukuza kwangu?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mzee.

"Mimi ulinifukuza kwetu," Tupa alisema.

Bosi alimshika baba yake chini ya kwapa, akamnyanyua, wakaanza kwenda getini hatua fupifupi. Tupa hakuwatazama wakiondoka. Kulikuwa na mteja amefika na mabomba yake begani, anataka yakatwe urefu sawa, anauliza hapa fundi wa msumeno ni nani.

"Ni mimi," alisema. "Lete."